Milioni tatu, kamera ya mtumba na radi za Ziwa Victoria

Mnunuzi wa kisa hiki anaishi Mwanza. Ana shilingi milioni 3 taslimu na siku mbili za kuzunguka Dar es Salaam. Anataka picha za mandhari ya mawe na maji ya kwao mchana, na picha za radi zinazopiga juu ya Ziwa Victoria usiku. Duka la kwanza Kariakoo limemwekea mezani bodi (kamera yenyewe bila lenzi) ya Nikon D810 na lenzi ya Nikkor 14-24mm f/2.8, vyote mtumba wa Dubai, kwa milioni 3 kamili. Kimoja kimoja vingemgharimu zaidi. Muuzaji anasema mteja mwingine anakuja jioni, kama wauzaji wanavyosema siku zote. Achukue?

Asichukue, hata kama vyote viwili ni vizima. Ili kuona kwa nini, inabidi kamera iwekwe kando kwanza tuliangalie ziwa.

Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, upepo huvuma kutoka ziwani kwenda bara, na mawingu ya mvua hujijenga juu ya vilima. Usiku mambo hugeuka. Nchi kavu inapoa, upepo unashuka kutoka kingo zote kuelekea majini, hewa inakutana juu ya maji yenye joto na kusukumwa juu. Ndiyo sababu dhoruba kali za ziwa hili huwaka usiku wa manane hadi alfajiri, saa ambazo wavuvi wako ndani. Mtu aliye Mwanza yuko ukingo wa kusini, kwa hiyo dhoruba hiyo iko mbele yake upande wa kaskazini na kaskazini-magharibi, na mara nyingi iko mbali: kilomita 30, 50, hata 80.

Sasa hesabu. Tuchukue wingu la radi lenye kimo cha kilomita 14 juu ya maji. Likiwa umbali wa kilomita 50 linachukua nyuzi 16 tu za anga, kutoka upeo wa maji hadi kilele. Lenzi ya 14mm (namba ikipungua, lenzi huona eneo pana zaidi) kwenye kihisi, yaani kipokea-mwanga cha kamera, cha fremu kamili (milimita 24 kwa 36), kamera ikiwa imelala, inaona nyuzi 81 kwa wima. Yaani wingu zima, pamoja na radi zake, litakaa kwenye moja ya tano ya kimo cha picha, na radi yenyewe itakuwa kama unywele. Lenzi ya 50mm inaona nyuzi 27 kwa wima: wingu linajaa zaidi ya nusu ya picha na inabaki nafasi ya maji na taa za mji chini. Ya 85mm inaona nyuzi 16, hapo wingu limebana fremu yote. Likisogea hadi kilomita 20, wingu hilohilo linafika nyuzi 35, na lenzi ya 35mm, yenye nyuzi 38, inalimudu kwa shida kidogo.

Na likifika kilomita 10? Hapo ndipo lenzi pana sana inapata kazi, lakini hapo ndipo mpiga picha anapotakiwa kuwa ameshaingia ndani. Sauti husafiri kilomita 1 kwa takriban sekunde 3. Ukiona mwako ukahesabu, na ngurumo ikakufikia kabla ya sekunde 30, radi iko ndani ya kilomita 10 na inaweza kukupiga wewe hata kama juu yako hakuna tone la mvua. Juu ya jiwe tupu la Capri Point, pale Mwanza, ukiwa umesimama karibu na tripodi ya alumini, wewe ndiye kitu kirefu kuliko vyote. Kwa hiyo umbali salama wenyewe unamwambia anunue nini: radi za kupigwa kutoka nje, kwa usalama, ni kazi ya 35mm hadi 85mm. Watu wengi wakisikia “radi” wanafikiria lenzi pana kwa sababu picha wanazozikumbuka zilipigwa kwenye tambarare za Marekani, wapigaji wakiwa ndani ya gari na dhoruba ikiwa imewafunika.

Lenzi ya 14-24mm f/2.8 ni chombo bora, hilo halina ubishi. Lakini kwa mtu huyu ina kasoro tatu zisizohusiana na ubora wake. Kioo chake cha mbele kimevimba nje na hakina uzi wa kufungia filta, kwa hiyo filta ya kupunguza mng’ao wa maji mchana haiwezekani bila vishikizo vya ghali. Tone moja la mvua kwenye kioo hicho linaonekana kwenye picha kama doa kubwa, kwa sababu lenzi pana huona karibu. Na ingemaliza pesa yote, asibakiwe hata na ya tripodi. Kamera ya milioni iliyoshikwa kwa mkono usiku haipigi radi.

Tuje kwenye bodi. Kwenye picha ya radi, jambo linaloitesa kamera ni tofauti ya mwanga: radi nyeupe kabisa na mawe meusi kabisa, ndani ya picha moja. Unapiga ukilinda radi isiungue, yaani isizidiwe na mwanga, kisha nyumbani unainua vivuli. Hapo ndipo kamera zinapoachana. Canon EOS 6D ya 2012 ni rahisi sana kwenye soko la mtumba na ni imara, ila kwenye ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) ya chini vivuli vyake vikiinuliwa vinatoa chengachenga na mistari. Iko nyuma ya D750 na D810 za Nikon kwa zaidi ya stopu mbili za upana wa mwanga (kila stopu ni mwanga mara mbili). Isitoshe, haina kipima-vipindi cha ndani cha kupiga picha zenyewe kwa mfululizo. Kwa mtu wa studio hayo ni madogo. Kwa radi, hapana.

Kamera zisizo na kioo cha kuakisi ndani (mirrorless), kama Sony A7 II, zina vihisi vizuri, lakini betri zao za kizazi kile ni ndogo. Usiku mmoja unataka tatu. Tena kwenye zile zenye shata (mlango wa mwanga wa kamera) ya kielektroniki kamili, ole wake anayeiwasha ili kamera iwe kimya: kihisi husomwa mstari kwa mstari, na mwako wa ghafla unaweza kuangaza kipande tu cha picha, kikakatika kama kwa rula. Shata ya chuma haina balaa hilo kwenye picha ya sekunde kadhaa.

Wakabaki ndugu watatu wa Nikon: D600 na mrithi wake D610, D750, na D810. Kila mmoja ana historia yake na muuzaji haisemi.

D600 ya 2012 ilijulikana kwa kurusha madoa ya mafuta na vumbi kwenye kihisi, hasa kona ya juu kushoto ya picha. Nikon walitoa tangazo la huduma mwaka 2013, na mwishoni mwa mwaka huohuo wakaleta D610 yenye shata mpya. Kwa anga tupu ya mandhari iliyopigwa kwa f/11, yaani tundu la lenzi likiwa dogo, madoa ni adhabu. Ukikuta D600 kwa bei ya kutupa, uliza kama shata ilibadilishwa. D610 haina haja ya swali hilo.

D810 ya 2014 ina megapikseli 36 na ISO ya msingi ya 64, raha tupu kwa mandhari. Lakini mwaka huohuo wa kutoka, Nikon walikiri kwamba baadhi ya bodi hutoa nukta nyeupe kwenye picha za muda mrefu, yaani kasoro inayotokea kwenye kazi ileile anayoitaka mtu wetu. Bodi iliyokwisha shughulikiwa ina nukta nyeusi ndani ya tundu la kufungia tripodi. Anachotakiwa kufanya ni kuigeuza kamera tumbo juu na kuangalia kwa tochi ya simu.

D750, nayo ya 2014, ina megapikseli 24 na skrini inayoinuka. Skrini hiyo si urembo: kamera ikiwa chini karibu na jiwe, huhitaji kulala kifudifudi kwenye matope. Tatizo lake ni shata. Kuanzia 2015 Nikon walitangaza, na baadaye wakapanua tangazo, kwamba baadhi ya shata hazifunguki sawasawa na sehemu ya picha hutiwa kivuli. Namba ya bodi inaangaliwa kwenye ukurasa wa Nikon. Ikiwa imo, unataka karatasi ya huduma.

Pale mezani, D810 haikuwa na nukta nyeusi. Hilo peke yake si hukumu, kwa sababu si bodi zote zilizokuwa na shida. Ikapimwa. Kifuniko cha lenzi kikawekwa, dirisha la jicho likazibwa kwa kitambaa cheusi, ISO 800, sekunde 30, na kipunguza-chenga cha picha ndefu kikazimwa. Zikapigwa picha tano mfululizo bila kupumzika, maana kihisi hupata joto na kasoro hujitokeza kadiri kinavyochemka. Joto la Dar hapa linasaidia. Ya kwanza ilionyesha nukta chache za rangi, jambo la kawaida kwa kamera yoyote. Ya tano, ikikuzwa hadi asilimia mia, ilikuwa na nukta nyeupe zilizotawanyika kila pembe kama chumvi iliyomwagika. Muuzaji alisema ni kadi. Kadi haitoi nukta; kadi ikiharibika faili zima halifunguki au hukatika. Bodi ikarudishwa kwenye kabati.

D750 ilipatikana duka la tatu kwa 1,150,000. Kwa kuwa vipimo vyake ndivyo vinavyofaa kwa karibu bodi yoyote, tuvieleze kwa utaratibu wake.

Kwanza hesabu ya shata. Kamera za Nikon huandika idadi ya mipigo ndani ya faili; picha moja ambayo haijahaririwa ikifunguliwa na programu ya ExifTool inaonyesha mstari wa Shutter Count. Hii ilikuwa na 61,000, na shata ya D750 imejaribiwa kiwandani kwa mipigo 150,000. Watu huogopa namba hii kupita kiasi. Piga hesabu: usiku wa radi wa saa 3, picha moja kila sekunde 15, ni picha 720. Mipigo 89,000 iliyobaki ni zaidi ya usiku 120 wa aina hiyo. Shata yenye 61,000 iliyotunzwa ina afadhali kuliko yenye 15,000 iliyokaa miaka kwenye begi lenye unyevu.

Kisha anga. Lenzi yoyote, f/16, fokasi imevurugwa makusudi, kamera imeelekezwa juu. Madoa meusi yenye kingo laini ni vumbi, na vumbi husafishwa. Mistari, mikwaruzo au doa lenye pete ni jambo jingine, hapo unaondoka. Halafu shata ya 1/4000 ya sekunde, picha ishirini za anga hiyohiyo mfululizo, ukitafuta ukanda uliofifia juu au chini. Hapakuwa na kitu. Namba yake ilikuwa kwenye orodha ya tangazo, lakini mwenye duka alikuwa na karatasi ya kituo cha huduma iliyotaja shata. Bila karatasi ile tungemshauri aiache, japo imepita kipimo, kwa sababu shata hizo hazisumbui kila siku.

Mwisho, chuma na mpira. Mlango wa betri ukifunguliwa, angalia miguu ya shaba: ukijani ni chumvi ya pwani. Skrubu zenye vichwa vilivyolika zimefunguliwa na mtu asiye na bisibisi sahihi. Mpira wa kushikia unaobanduka ni ugonjwa wa kawaida wa Nikon za umri huu, gundi inautibu. Kwenye menyu, taarifa ya betri huonyesha umri wake kuanzia 0 (mpya) hadi 4 (ya kubadilishwa). Iliyokuja na bodi hii ilikuwa 3, sababu nzuri ya kuvuta bei chini.

Kwa lenzi, usiangalie kioo cha mbele ukaridhika. Lenzi za Nikon za herufi G zikiwa nje ya kamera huwa zimejifunga. Nyuma kuna kiwiko kidogo cha chuma. Kisukume kwa ukucha, tundu lote lifunguke, kisha mulika tochi ya simu kutoka nyuma kwa pembe, wewe ukiangalia kutoka mbele. Fangasi huonekana kama nyuzi za buibui zinazoanzia ukingoni. Utando wa mafuta huonekana kama pumzi kwenye kioo cha dirisha, na usiku taa za mji zitavaa miviringo ya mwanga. Vumbi la punje mbili tatu ndani halina madhara yoyote. Ukiachia kiwiko, pazia lazima lirudi papo hapo. Likirudi kwa uvivu lina mafuta na picha zitatoka na mwanga kupita kiasi. Zilikuwepo 50mm f/1.8G tatu kwenye kabati moja. Ya kwanza ilikuwa na fangasi ukingoni, na fangasi ikikutwa kwenye kabati lile, nyingine nazo zimekaa nayo chumba kimoja. Safi ilinunuliwa kwingine, kwa 280,000.

Kwa mandhari ya mchana ilichukuliwa 18-35mm f/3.5-4.5G. Ni nyepesi, gramu 385, inafunga filta ya milimita 77, na kwa f/8 haitofautiani na lenzi za bei mara mbili yake. Lenzi pana za mtumba huwa na ugonjwa wa kupinda: imeanguka, kioo kimoja kimehama, na upande mmoja wa picha hauna makali. Kipimo chake: 18mm, fokasi ya mkono kwenye kibao cha duka kilicho ng’ambo ya barabara, kisha bila kugusa fokasi piga kibao hichohicho kikiwa kona ya juu kushoto, juu kulia, chini kushoto, chini kulia, kwa tundu lililofunguka lote. Kona zote kuwa laini kidogo ni tabia ya lenzi. Kona moja laini na tatu kali ni ajali. Ya kwanza ilifeli kona ya chini kulia, na ukingo wa uzi wa filta ulikuwa na mbonyeo upande uleule. Ya pili ilipita, 820,000.

Jumla ikawa hivi: bodi 1,150,000, lenzi mbili 1,100,000, tripodi ya alumini ya kilo karibu 2 kwa 320,000, rimoti ya waya 35,000, betri ya pili halisi 90,000, kadi mbili za GB 64 kwa 90,000, filta ya kupunguza mng’ao 120,000, na boksi la plastiki lenye kifuniko cha kubana pamoja na pakiti za silika za kunyonya unyevu kwa 40,000. Ni 2,945,000. Boksi lile ni la lazima. Hewa ya ziwani ndiyo inayofuga fangasi, na begi la kitambaa linaihifadhi.

Iliyobaki ni namna ya kuvitumia, na hapa watu huharibu vifaa vizuri kwa mipangilio mibovu. Mwako wa radi huisha ndani ya sehemu ya sekunde, kwa hiyo urefu wa shata hauongezi wala kupunguza ung’avu wake. Unaamuliwa na tundu na ISO. Shata inaamua taa za mji na anga. Dhoruba ya kilomita 30 hivi: anza f/5.6, ISO 200, sekunde 15. Radi zikiungua, funga hadi f/8. Mji ukiungua, fupisha shata, tundu liache. Dhoruba ikiwa mbali zaidi, f/4 na ISO 400.

Kipunguza-chenga cha picha ndefu kizimwe. Kikiwa kimewashwa, baada ya kila sekunde 15 kamera hukaa sekunde nyingine 15 ikipiga picha ya giza, na radi nzuri hupiga hapo hapo, hiyo haina mjadala. Fokasi iwekwe kwa mkono kupitia skrini, ukikuza taa ya mbali au boti ya karabai mpaka iwe kinukta kidogo kabisa, kisha pete ifungwe kwa utepe. Alama ya milele (∞) kwenye lenzi isiaminiwe. Lenzi za kisasa huzunguka kupita hapo. Picha ziwe ghafi (RAW, ambazo kamera haijazichakata) za biti 14: kwa D750 ni karibu MB 28 kila moja, usiku wa picha 720 unakula GB 20.

Mfumo wa kupiga uwe wa mfululizo, kitufe cha rimoti kifungwe, au kitumike kipima-vipindi cha kamera na mtu aingie ndani ya gari, milango imefungwa. Mhimili wa kati wa tripodi ushushwe mpaka chini, begi litundikwe kwenye ndoano yake, kwa kuwa upepo wa mbele ya dhoruba hufika kabla ya mvua. Mfuko wa plastiki wenye tundu la lenzi na raba moja unatosha kukinga rasharasha. D750 ina mipira ya kuziba, lakini 50mm f/1.8G ina mpira mmoja tu, pale inapoungana na bodi, nao kwenye lenzi ya mtumba huwa umeshasinyaa.

Ukirudi ndani, kamera yenye baridi isifunguliwe chumbani kwenye joto. Iache ndani ya begi lililofungwa kwa nusu saa, umande utulie nje ya begi badala ya ndani ya lenzi, kisha ifutwe, betri itolewe, viingie vyote kwenye boksi la silika.